Kila Msomaji na Mahali Alipoishia

Kikundi chetu cha kusoma hapa Dodoma kilianzishwa na watu waliohamia na ofisi zao, baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba safari hii inahama kweli. Jioni zilikuwa ndefu, familia nyingi zilikuwa bado Dar es Salaam, na mwalimu mmoja mstaafu wa Makole alitukaribisha kibarazani kwake. Baadaye wenyeji walijiunga na kuwa wengi kuliko wageni. Kwa muda mrefu tulisoma vitabu vyembamba, vya kumaliza ndani ya juma huku mtu akiendelea na kazi zake. Mimi ni mtunza kumbukumbu kwa taaluma, hivyo nilikabidhiwa daftari la kuandika maoni ya kila msomaji.

Kijana mmoja anayesomea kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma ndiye aliyeleta pendekezo la City of Golden Shadow ya Mmarekani Tad Williams. Ni riwaya ya kisayansi ya mwaka 1996, kwa Kiingereza, na ina kurasa zaidi ya 700. Isitoshe, hizo ni za juzuu la kwanza tu la mfululizo uitwao Otherland. Majuzuu mengine matatu yalifuata mwaka 1998, 1999 na 2001. Mtu anayefungua kitabu hiki anaombwa kitu kikubwa: atoe miezi yake kwa ajili ya hadithi ambayo haitakwisha mikononi mwake. Nakumbuka dada mmoja alikipima kitabu kwa kiganja, akakirudisha mezani na kusema, "Huyu mwandishi anatuamini sana."

Tuliamua kujaribu. Nakala ya karatasi ilizunguka, wengine walinunua ya kusomea kwenye simu, na Jumamosi tulikutana kuzungumza kwa Kiswahili juu ya tulichosoma kwa Kiingereza. Niliyoyaandika katika miezi ile yamebadilisha kabisa namna ninavyosikiliza maoni ya msomaji, ndiyo maana nayaandika hapa kwa urefu.

Kwanza hadithi yenyewe, kwa ufupi. Ni siku za usoni, wakati watu huingia mtandaoni kwa miili ya kubuni, yaani uhalisia pepe, na kutembea humo kama wanavyotembea barabarani. Watoto katika nchi mbalimbali wanapoteza fahamu na hawaamki, na madaktari hawajui wanaumwa nini. Mmoja wao ni Stephen, mvulana wa miaka 11 wa Durban, Afrika Kusini. Dada yake, Renie Sulaweyo, anafundisha uhandisi wa ulimwengu huo pepe katika chuo cha ufundi, naye anaamua kutafuta ni nini kilichompata mdogo wake huko mtandaoni alikokuwa akicheza. Kwingineko, kijana mgonjwa wa Marekani anauona mji wa dhahabu katikati ya mchezo wa kompyuta, na mtu aitwaye Paul Jonas yumo ndani ya mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza bila kujua alifikaje. Nyuma ya yote kuna kundi la matajiri wakongwe waliojenga ulimwengu wao wa siri ili wasife.

Malalamiko ya kawaida ya wasomaji wa kitabu hiki ni kwamba kinaanza polepole. Kijana wetu wa kompyuta alituonya mapema. Alisema tuvumilie sehemu za Durban, zile za nyumbani na chuoni na hospitalini, kwa sababu mambo makubwa yanakuja mbele. Akashauri kwamba atakayechoka aziruke kidogo.

Ikawa kinyume chake. Sehemu za Durban ndizo zilizowashika watu.

Muuguzi mmoja wa kikundi chetu, ambaye siku zake huishia wodini, alisoma kurasa za hospitali mara mbili. Renie anakwenda kumwona mdogo wake katika hospitali iliyowekewa karantini, anavalishwa vazi la kujikinga mwili mzima, na anamgusa mtoto kupitia glavu. Daktari ni mwema, lakini hana jibu. "Hayo mazungumzo nimeyafanya mimi," muuguzi alituambia. "Ndugu anauliza swali lile lile kwa maneno matano tofauti, akitumaini la tano litakuwa na jibu." Aliongeza jambo ambalo sikulitarajia katika maoni juu ya riwaya ya kompyuta: kwamba mwandishi ameelewa uchovu wa ndugu wa mgonjwa. Kuna kazi ya kwenda kesho yake asubuhi, kuna nauli, kuna chakula cha baba nyumbani, na kuna kosa dogo la mtu mwingine linalotosha kukufanya ulie. Kwake yeye, kurasa hizo hazikuwa polepole hata chembe. Alisema ugonjwa wa muda mrefu ndivyo unavyokwenda.

Mjadala mkali kuliko yote haukuhusu kompyuta pia. Ulimhusu baba. Long Joseph, baba yake Renie na Stephen, ni mlevi, hana kazi, anaishi kwa mshahara wa bintiye, na anasitasita kwenda hospitali kumwona mwanawe. Mkewe alikufa baada ya moto wa dukani. Akina dada wa kikundi walimkataa mtu huyu tangu sura alizotokea mwanzo. Mmoja alisema angemhamishia Renie kwenye hadithi nyingine isiyo na mzigo kama ule. Ndipo mzee wetu, mstaafu wa reli, aliyekuwa kimya kwa majuma kadhaa, alipoinua mkono.

"Shikamoo mzee, sema," mwenyeji wetu alimpa nafasi.

"Marahaba. Mimi siitetei pombe yake. Lakini mwanaume aliyemzika mke kutoka hospitali, ukimwambia akaketi tena kwenye benchi lile lile kumngojea mtoto, usimwite mwoga haraka. Mimi nilikuwa nazunguka uzio wa hospitali nikisema natafuta maji."

Hakuna aliyemjibu kwa dakika nzima. Katika daftari nimeandika tu: *mzee, kuhusu Long Joseph*, kwa sababu wakati ule sikuwa na haraka ya kuandika. Kuanzia siku hiyo kila aliyezungumza juu ya Long Joseph aliongea kwa sauti tofauti, hata aliyeendelea kumchukia. Nasema wazi kwamba bila mzee yule ningekisoma kitabu hicho nusu tu.

Kuna jambo dogo ambalo msomaji wa London au Chicago pengine hupita bila kusimama. Ugonjwa uliosababisha karantini ile unaitwa Bukavu 4. Bukavu ni mji wa watu wanaozungumza Kiswahili, mashariki mwa Kongo, na mmoja wetu ana shemeji aliyezaliwa huko. Mwenzetu huyo alisoma jina hilo na kukasirika. Alisema kila waandishi wa mbali wanapotaka ugonjwa wa kutisha wa kesho, huutafutia ramani ya Afrika. Kijana wa kompyuta alijaribu kueleza kwamba magonjwa mengi hupewa jina la mahali yalipoonekana kwanza, na hilo ni kweli, Ebola ni jina la mto. Lakini mwenzetu mwenye shemeji wa Bukavu alikuwa na haki yake. Mimi nakubaliana naye: katika kitabu kilichojitahidi kumpa Mwafrika nafasi ya mbele, hilo lilikuwa jambo rahisi kuepukwa.

Sasa nirudi kwa Paul Jonas na mahandaki yake. Kitabu kinaanza naye, na hapo ndipo tulipowapoteza watu. Matope, mabomu, askari wenzake, halafu ghafla anapanda mti mkubwa na kufika kwenye ngome juu ya mawingu, kuna jitu la kutisha na mwanamke mwenye mabawa. Wasomaji watatu walikiacha kitabu kabla hawajamwona Renie. Nilipowauliza, hakuna aliyesema kitabu ni kibaya. Walisema hawakujua wameingia katika hadithi ya aina gani. Karani mwenzangu wa Mtumba, anayesoma ndani ya daladala asubuhi na jioni, alisema kila aliposhuka na kupanda tena ilimbidi aanze upya kujiuliza kama hii ni ndoto, ni vita, au ni hadithi ya watoto. Mtu anayesoma kwa vipande vya dakika ishirini anahitaji kamba ya kushika.

Nadhani mwandishi alifanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa Paul mwenyewe hajui yuko wapi, na msomaji anatiwa katika hali ile ile. Ukimaliza juzuu unaona busara yake. Ila anayekiacha kitabu ukurasa wa ishirini haioni busara hiyo, na si kosa lake. Tulichofanya ni kuwaambia wale watatu wafungue pale Renie anapoanza, wamrudie Paul baadaye. Wawili walirudi na wakakimaliza. Watu fulani huona kusoma namna hiyo ni kumdharau mwandishi. Mimi naona ni kumsaidia: kitabu chenye mistari mingi ya hadithi kinaweza kuingiwa kwa mlango zaidi ya mmoja.

Kijana mgonjwa niliyemtaja anaitwa Orlando Gardiner. Ana miaka 14 na ana ugonjwa wa kuzeeka kabla ya wakati, uitwao projeria. Katika mchezo wa mtandaoni yeye ni Thargor, shujaa mwenye misuli na upanga, na tunamfahamu kwanza kwa sura hiyo. Mwili wake halisi unaonyeshwa polepole. Sehemu za Thargor zenyewe, za mapango na mazimwi, ziliwachosha wengi wa kikundi. Wengine walisema wamekwisha kuzichoka kwenye filamu. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, msichana anayetembea kwa magongo tangu utotoni, alituambia kwamba kwake hicho ndicho kitabu chote. Hakutaka kufafanua sana. Alisema tu kwamba watu hudhani mtu kama Orlando huingia mtandaoni ili kukimbia, wakati huenda anaingia ili kwa saa chache aulizwe anafikiri nini, badala ya kuulizwa anajisikiaje. Niliandika sentensi hiyo kama alivyoisema.

Lazima niseme pia kuhusu Dread, muuaji anayetumwa na mmoja wa wale wakongwe. Kurasa zake ni za kikatili, hasa kwa wanawake, na mwandishi anakaa ndani ya kichwa cha muuaji kwa muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Mama mmoja alikuwa amepanga kumpa mwanawe wa kidato cha tatu kitabu hiki kwa sababu kina michezo ya kompyuta na mhusika wa miaka 14. Alipofika kwa Dread alibadili nia. Nakubaliana naye kabisa, na kila anayeniomba kitabu kwa ajili ya mtoto namwambia hivyo kabla sijasema lolote lingine.

Nimemwacha makusudi mhusika mmoja hadi hapa, kwa kuwa juu yake Dodoma ina la kusema kuliko miji mingi. Renie ana mwanafunzi mtu mzima aitwaye !Xabbu. Ni wa jamii ya San, wawindaji wa kusini mwa Afrika, kutoka delta ya Okavango huko Botswana. Amekuja mjini kusomea uhandisi wa uhalisia pepe akiwa na lengo moja: hadithi za watu wake zinakufa pamoja na wazee wao, naye anataka kuzijengea mahali ndani ya mtandao, mahali ambapo mtu ataweza kuingia na kuziona.

Alama ile ya mshangao mbele ya jina lake ni mdoko, sauti ya ulimi. Tulikuwa na mtu wa kutusomea. Mwalimu wa sekondari wa kikundi chetu ni Msandawe, kwao ni Kwa Mtoro, wilaya ya Chemba, na lugha yake ina sauti za namna hiyo. Alisimama akalitamka jina, tukacheka kwa furaha, tukamwomba arudie. Yeye mwenyewe alikuwa mwangalifu kuliko sisi. Alitukumbusha kwamba Wasandawe si San, kwamba Okavango ni mbali, na kwamba wataalamu wa lugha hawajakubaliana kama Kisandawe kina undugu na lugha za kusini. "Msinifanye mimi kuwa yeye," alisema. "Lakini namwelewa."

Alichokielewa ni lile lengo. Katika vitabu vingi, alisema, mtu wa jamii ya wawindaji anawekwa porini ili awaonyeshe wengine njia. Huyu amekaa darasani, anafanya mazoezi ya kompyuta, na ana mpango wake mwenyewe ambao haukutoka kwa mzungu wala mfadhili. Hilo lilimpa furaha kubwa. Kisha akatoa na upande wa pili, bila kupunguza makali: !Xabbu ni mwema mno. Hakasiriki ipasavyo, hachoki, na kila hali ngumu ina hadithi ya mababu ya kuifafanulia. "Babu yangu alijua hadithi nyingi," mwalimu alisema, "na alikuwa mkorofi wa kutisha. Mwandishi angenipa !Xabbu mkorofi siku moja tu, ningemwamini zaidi."

Tulikwenda naye Kolo, Kondoa, kuona michoro ya miambani, ile ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006 na ambayo mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951. Ni michoro myekundu ya watu wenye miili mirefu myembamba, na wanyama. Mingine imefifia kiasi kwamba unahitaji mtembezaji akuonyeshe kwa kidole. Tukiwa chini ya mwamba, mjadala wa kitabu ulirudi wenyewe. Kijana wa kompyuta aliuliza kama kuijenga michoro ile katika uhalisia pepe kungekuwa kuihifadhi au kuimaliza. Mwalimu alijibu kwamba swali hilo ndilo analotaka !Xabbu aulizwe, na katika juzuu la kwanza hakuna anayemuuliza kwa uzito. Renie anavutiwa na ndoto yake, anaisifu, basi. Nani ataingia humo? Nani atalipia mitambo? Mtoto wa Kisan asiye na kifaa ataisikia wapi hadithi ya bibi yake? Sijawahi kusikia uhakiki wa kitabu ulionigusa kama ule, nao ulitolewa na mtu aliyekuwa bado anakipenda.

Kisha kuna suala la nyani. Ndani ya mtandao, watu huchagua miili, na !Xabbu anachukua mwili wa nyani. Kitabu kinaeleza sababu: katika hadithi za watu wake nyani ni viumbe wanaoheshimiwa, wana busara na ujanja wao, na yeye amechagua mwenyewe. Msomaji mmoja, mwanasheria kijana, alifunga kitabu hapo na hakukifungua tena. Alisema anajua sababu za ndani ya hadithi, lakini anajua pia ni mara ngapi mtu mweusi ameitwa nyani ili kutukanwa, na mwandishi mweupe wa Marekani, aliyechapisha kitabu hiki miaka miwili tu baada ya Waafrika Kusini wote kupiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1994, alipaswa kulifikiria hilo. Mwalimu wa Chemba aliona vingine. Kwake, kumnyima mhusika mnyama wa hadithi zake kwa kuogopa matusi ya wengine ni kuwapa watukanaji haki ya kuchagua.

Walibishana kwa heshima, "dada yangu" huku na "kaka yangu" kule, na hawakukubaliana. Wengine walitaka mwenyeji aamue. Hakuamua, na alifanya vyema. Maoni yangu, kwa kuwa nimeyataja ya wengine: nadhani mwandishi hakuwa na nia mbaya na alisoma mengi kabla ya kuandika, na nadhani pia kwamba maelezo mazuri hayafuti maumivu ya msomaji. Yote mawili yameandikwa kwenye daftari, ukurasa mmoja, majina mawili.

Kuhusu teknolojia sitakaa sana, ingawa ndiyo iliyotufikisha kwenye kitabu. Kijana wa kompyuta alivutiwa zaidi na vipande vya habari vinavyofungua kila sura, habari fupi fupi za mtandao: kesi za ajabu, matangazo, siasa, burudani, moja baada ya nyingine bila uhusiano. Mwaka 1996 watu wengi hawakuwa na intaneti, na bado mwandishi aliona kwamba mtu ataishi akimwagiwa vipande kama hivyo siku nzima. Kijana alitusomea vitano mfululizo, akatuonyesha simu yake ikiwa na TikTok, na hakuhitaji kueleza. Lakini alikiri kwamba yeye aliyekipenda kitabu kwa ajili ya mashine alijikuta anazikimbiza sura za mashine ili arudi hospitalini Durban.

Na urefu je? Hapa nilibadilika kwa kusikiliza. Tulipofika katikati nilikuwa nauliza kila Jumamosi swali ambalo watu wote huuliza: kizuri au kibaya? Kirefu mno au sawa? Majibu yalikuwa makavu. Mtu anasema "kizuri ila kirefu", anayefuata anarudia. Muuguzi ndiye aliyenipa swali jingine bila kujua. Alisema wodini hawamuulizi mgonjwa kama ana maumivu tu. Wanamuuliza yanaanzia wapi. Nikaanza kuuliza: uliishia wapi juma hili, na ulipofunga kitabu ulikuwa unamfikiria nani?

Daftari lilijaa. Aliyesema kirefu mno alikuwa ameishia katikati ya sura ya Paul Jonas, akimfikiria Renie. Aliyesema kingeweza kuwa kirefu zaidi alikuwa ameishia kwa Christabel, mtoto mdogo wa kambi ya jeshi ya Marekani anayemtembelea kwa siri mzee aliyeungua, Sellars. Alitaka kujua tu kama mtoto yule yuko salama. Msichana wa magongo hakulalamikia urefu hata mara moja, alilalamika kwamba Orlando anaachwa kwa sura nyingi mno. Urefu uliokuwa ukilaumiwa ulikuwa, mara nyingi, umbali kati ya msomaji na mhusika wake. Tungekuwa na mwandishi pale kibarazani, ningemwonyesha kurasa hizo kabla ya sifa yoyote.

Nimejifunza pia kumtafuta aliyeacha. Katika kikundi chochote, aliyemaliza ndiye anayeongea, na aliyeacha hukaa pembeni kwa aibu au haji kabisa. Mwanasheria yule aliacha njiani na maoni yake ni kati ya mazito tuliyonayo. Karani wa daladala naye aliacha, na ndiye aliyetufundisha jinsi kitabu kinavyosomwa na mtu asiye na meza wala saa nzima ya utulivu, ambaye ndiye msomaji wa kawaida katika mji huu. Siku hizi anayeacha kitabu tunamwalika kwanza.

Mwisho wa juzuu ulileta kelele. Wahusika waliotawanyika wanakutanishwa hatimaye, mambo yanaharibika, mlango wa kutokea mtandaoni haufunguki, na kitabu kinakatika hapo. Hakuna fumbo kubwa lililofumbuliwa. Stephen bado hajaamka. Vijana walihisi wamedhulumiwa. Mmoja alisema baada ya kurasa mia saba alistahili walau jibu moja. Wazee hawakushtuka hata kidogo. Wao walikua na hadithi za magazetini zilizokatwa kila juma kwa neno "itaendelea", na mstaafu wa reli alitusimulia jinsi abiria wa treni ya Kigoma walivyokuwa wakikisia yaliyofuata, kila behewa na toleo lake, hadi gazeti jipya lipatikane kituo cha mbele. Kwake, juzuu lisiloisha ni kawaida ya hadithi, na kungoja ni sehemu ya kusoma. Vijana walimjibu, kwa adabu, kwamba gazeti lilikuwa bei ya chai na juzuu la pili ni fedha ya juma zima la matumizi. Hapo wote wawili wana hoja, na hoja ya bei ni nzito. Anayetaka kuanza mfululizo kama huu ajue mapema gharama ya kuumaliza, au apate wenzake wa kuchangia.

Sisi tulichangia. Juzuu la pili, River of Blue Fire, lililetwa na ndugu wa mmoja wetu aliyekuwa safarini, na kulikuwa na ubishi mfupi juu ya nani alisome kwanza. Muuguzi alilitaka kwa sababu ya Stephen. Msichana wa magongo aliomba asome sura za Orlando tu, kisha alipitishe. Mwanasheria alisema hasomi, ila atakuja Jumamosi kusikiliza na kubisha. Kura zilimwangukia mstaafu wa reli, ambaye alisema atalisoma taratibu na hataki mtu yeyote amharakishe. Wiki iliyopita nilimpigia kuuliza ameishia wapi na alikuwa anamfikiria nani. "Bado namfikiria yule baba," alisema, "wamemwacha nyuma, nje ya mtandao, na mimi nataka kujua anafanya nini."